Uyoga Umeota Kwenye Plastiki

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita hapa Moshi, mbele ya mafundi seremala, wauza mbao na wenye nyumba za wageni, kuhusu kuoza kwa mbao na kwa bodi za mbao zilizochanganywa na plastiki. Waliokuwa kazini siku ile wameniomba niyaandike. Nimeyaacha jinsi yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha, maana hata waliokuwepo walioziona ni wale wa mstari wa mbele tu.

Shikamooni wazee wangu. Shimbonyi! Vijana, mambo? Ninyi mliokaa kule mlangoni ili muwahi pilau, nimewaona.

Mkononi nina kipande cha ubao, kikubwa kama kiganja. Nakitoa kipite kwa kila mtu. Mzee wangu hapa, anza wewe. Kishike, kinuse, kibonyeze kwa ukucha, kisha mpe jirani. Msikikimbize. Kipande hicho kiliuzwa kwa neno moja tu: "Haziozi." Nani humu ndani ameshamwambia mteja neno hilo? Inueni mikono. Msiogope, mimi mwenyewe nimelisema, na nimelipa.

Nililipaje? Mwaka wa kwanza wa kujitegemea nilipewa nyumba ya mama mmoja kule Kibosho. Mbao zilikuwa za paina, zimetoka kupasuliwa wiki ileile, ukipiga msumari maji yanachuruzika. Nilijua ni mbichi? Nilijua. Lakini mama alikuwa na harusi ya binti yake, na mimi nilikuwa na njaa. Nikapiga fisha bodi, zile mbao za ukingo wa paa, nikapaka rangi ya mafuta mikono mitatu, eti kuzuia maji. Ikang'aa! Watu wa harusi wakaisifu.

Miaka minne baadaye simu ikaita. "Baba, njoo uone kazi yako." Nikaenda. Kwa nje rangi bado nzuri. Nikabonyeza kwa dole gumba, dole likazama hadi kwenye fundo. Ndani hapakuwa na ubao tena. Palikuwa na vipande vya kahawia vilivyopasuka mraba mraba, kama tope la bwawa lililokauka, ukivifinya vinakuwa unga. Mama hakunigombeza. Alinitengea chai, akakaa kimya akiniangalia ninavyokunywa. Nilibadilisha zote kwa pesa yangu.

Rangi ile, ndugu zangu, haikuzuia maji kuingia. Ilizuia maji kutoka.

Sasa aliyeula ubao ule ni nani? Ni kuvu, ambayo ninyi mnaiita fangasi. Uyoga mnaouona juu ya gogo ni tunda tu, kama embe. Mti wenye embe hilo hamuuoni. Umo ndani ya gogo, nao ni nyuzi nyembamba kiasi kwamba unywele wako mmoja ni mnene kuliko nyuzi kumi zilizolazwa pamoja. Fundi anayekata uyoga, akafuta kwa kitambaa, akapaka rangi juu, amechuma embe. Mti ameuacha.

Na ubao nao ni nini? Uchukulie kama zege. Nondo zake ni selulosi, karibu nusu ya ubao mzima. Saruji yake ni lignini. Na ile waya nyembamba ya kufungia nondo ndiyo hemiselulosi. Kuvu iliyokula fisha bodi zangu ni ya lile kundi linalokula nondo na waya, ikaacha saruji. Ndiyo maana masalia yake ni ya kahawia na yanakatika mraba mraba. Kundi hili hupenda sana mbao laini za misonobari, yaani paina yetu.

Namna inavyofanya kazi ndiyo iliyonishangaza kuliko yote. Ubao mzima umefungwa vizuri mno. Vimeng'enya vya kuvu, yaani vile vikemikali vyake vya kumeng'enyea chakula, ni vikubwa kuliko matundu ya ukuta wa ubao. Haviingii. Basi kuvu ya kahawia hutuma kwanza kitu kidogo zaidi. Hutengeneza haidrojeni peroksaidi, ndiyo, dawa ileile mnayonunua famasi kusafishia vidonda, na kuikutanisha na chuma kidogo kilichomo ndani ya ubao. Vikikutana vinazaa chembe kali zinazokatakata nondo kutoka ndani. Vimeng'enya vinakuja baadaye kuzoa. Kwa hiyo ubao huanguka nguvu kabla haujaonekana umeoza. Ukipoteza hata asilimia 10 tu ya uzito wake kwa kuvu hii, unaweza kuwa umeshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu. Kenchi inaonekana kenchi, kumbe ni picha ya kenchi.

Lakini kuvu hii haianzi kazi bila maji. Ubao wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Ukifika 30 na kupanda, karamu imeanza. Na hewa pia inahitaji. Niulize swali rahisi: nguzo ya uzio huoza wapi kwanza? (Ukumbi: "Usawa wa ardhi!") Mmesema kweli. Kwa nini? Chini kabisa maji yapo, hewa ni haba. Juu hewa ipo, maji hakuna. Pale usawa wa ardhi vyote viwili vimekaa mezani pamoja. Mababu walichoma miguu ya nguzo motoni kabla ya kuisimika, hawakuwa wajinga.

Kuna kuvu ya namna ya pili, na hii nilifundishwa na mama mmoja wa Machame. Analima uyoga wa mamama kwenye chumba cha udongo nyuma ya nyumba. Kila mwezi anakuja karakana kwangu kuchukua maranda. Zamani nilimpa bure, nikifurahi kufagiliwa. Siku hizi namuuzia, natumaini hayupo humu. Siku moja akanikaribisha nione. Maranda yangu yamechemshwa kwenye pipa, yamepozwa, yamejazwa kwenye mifuko, yamechanganywa na mbegu za uyoga. Wiki chache tu mfuko mzima umekuwa mweupe kama umemwagiwa maziwa. Baada ya mavuno kadhaa akanipa mfuko uliokwisha, akasema, "Fundi, shika." Nikaushika. Mwepesi! Ndani maranda yamepauka, laini kama mkate uliolowekwa.

Zile kilo zimekwenda wapi? Nyingine tumezila na ugali. Nyingine zimepumuliwa zikaondoka hewani, maana kuvu hupumua kama wewe. Kuvu hii ni nyeupe, kwa sababu haili nondo peke yake, inakula na saruji. Lignini ni kitu kigumu, haina mpangilio, kila kona imeungwa tofauti, hivyo huwezi kutengeneza ufunguo mmoja wa kuifungua. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani walitangaza kimeng'enya kinachoivunja, kutoka kwenye kuvu inayoitwa Phanerochaete chrysosporium. Kumbe haitumii ufunguo. Inatumia nyundo. Inagonga chochote kilicho mbele yake. Neno hilo la nyundo likumbukeni, nitalirudia tukifika kwenye plastiki.

Hapa nitoke njiani kidogo. Maranda ya mbao za dawa, zile zenye rangi ya kijani, msimpe mtu wa uyoga wala mtu wa kuku. Dawa ile mara nyingi ni shaba, kromi na aseniki. Narudia: aseniki, sumu. Maranda hayo si zawadi.

Na mchwa? Najua kuna mtu anasema moyoni, huyu anatuhangaisha na uyoga wakati adui yetu ni mchwa. Basi nikuambie: wale mchwa wanaojenga vichuguu vikubwa ni wakulima. Hawawezi kuumaliza ubao peke yao. Wanautafuna, wanaupeleka chini kwenye bustani yao, na juu yake wanaotesha kuvu, hiyo ndiyo inayowalainishia chakula. Ule uyoga mtamu unaochomoza kichuguuni mvua zikianza ni wa bustani hiyo. Hata mchwa ameajiri fundi.

Kile kipande kimefika wapi? Kwa akina mama? Haya, kinanuka nini? (Sauti: "Shamba baada ya mvua.") Asante mama. Plastiki inanuka shamba?

Kipande hicho kimetoka kwenye nyumba ya wageni ambayo sitaitaja, si mbali na barabara ya kwenda Arusha. Mwenyewe alichoka kupaka vanishi baraza lake kila mwaka. Akauziwa bodi za mchanganyiko, zile wauzaji wanaziita WPC: unga wa mbao na plastiki, vimeyeyushwa pamoja kwa moto usiozidi sana nyuzi 200, kwa sababu ukizidisha unga unaungua, kisha vinasukumwa kwenye tundu kama tambi. Bodi nzuri, zimenyooka, hazina vibanzi vya kuchoma miguu ya wageni. Baada ya miaka sita msimamizi akanipigia. "Mzee, kuna uyoga umeota kwenye plastiki." Nilicheka. Nikamwambia labda mgeni kamwaga supu.

Nikaenda na mtaimbo. Baraza liko chini ya mjakaranda; majani yamejaza nafasi zote kati ya bodi. Pembeni kuna bomba la kunawia miguu, na maji yake hayana pa kwenda. Nikang'oa bodi moja. Chini yake palikuwa na utando mweupe kama pamba, na ukucha ukazama milimita kadhaa. Katikati, bodi ilikuwa kavu na ngumu kama siku ilipotoka kiwandani.

Mnadhani ni Moshi peke yake? Kule Marekani, jimbo la Florida, ndani ya hifadhi ya Everglades, kulikuwa na njia ya wageni iliyotandikwa bodi za aina hii. Mwaka 1998 watafiti Morris na Cooper waliandika kwamba bodi hizo zimeshambuliwa na kuvu. Zilikuwa na miaka minne tu. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba plastiki imeukumbatia unga wa mbao, na kilichokumbatiwa na plastiki hakilowi.

Kosa liko wapi? Fikirieni kashata. Ukiweka karanga chache na sukari nyingi, kila karanga imezama peke yake, imefunikwa. Ukiweka karanga nyingi, zinagusana, na ukivunja kashata unaziona ukingoni. Bodi hizi nazo ni hivyo hivyo. Bodi nyingi zina unga wa mbao nusu au zaidi, kwa sababu unga ni rahisi na plastiki ni ghali. Unga ukizidi nusu, chembe zinashikana mikono kutoka uso wa bodi hadi ndani. Maji yakimpata mmoja, yamewapata jamaa zake. Na ukikata kwa msumeno, umevunja kashata: ncha ile mbichi ni mlango wazi.

Kisha jua. Sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halina utani. Plastiki ya juu inachakaa, inapasuka nyufa ndogo, rangi inapauka kama majivu, chembe za mbao zinabaki uchi. Ikija masika zinavimba. Plastiki haivimbi. Kiangazi zinasinyaa. Plastiki haisinyai. Mwaka hadi mwaka, kati ya chembe na plastiki unabaki upenyo mdogo. Hiyo ndiyo njia ya panya ya kuvu, kama zile za Holili, mpakani na Kenya, mnazozijua wenyewe. Inapita mpakani, haikatizi plastiki yenyewe, inatoka chembe moja kwenda nyingine.

Haki niitende: maji huingia bodi hizi polepole sana. Kwa kawaida ni milimita 5 hivi za juu zinazofika unyevu wa kuoza, ndani kunabaki pakavu kwa miaka. Ndiyo maana mtaimbo wangu ulikuta katikati pakiwa pazima. Ukiniambia nichague kati ya bodi hizi na paina isiyotiwa dawa kwa baraza la nje, nachukua bodi. Sisemi ni bidhaa mbaya. Nasema neno "haziozi" ni la uongo.

Sasa mtu ananiletea karatasi. "Mzee, hii ina cheti, imepimwa maabara." Vizuri. Imepimwaje? Kipimo cha kawaida huchukua vipande vidogo, huviweka kwenye chupa pamoja na kuvu kwa wiki 12 hivi, kisha hupima uzito uliopungua. Kipimo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya mbao tupu, ambazo hulowa upesi. Kipande cha mchanganyiko kinaweza kukaa wiki zote hizo ndani ya chupa kikiwa bado kikavu. Kuvu imefunga saumu kwa lazima, halafu karatasi inaandikwa "imefaulu". Waangalifu hulowesha kwanza, tena sana.

Na kuna hesabu. Kipande kina nusu mbao, nusu plastiki. Kimepungua asilimia 10. Mbao imeliwa kiasi gani? (Kijana: "Kumi.") Hapana mwanangu. Plastiki haikupungua, sivyo? Basi kumi yote imetoka kwenye ile nusu. Ni asilimia 20 ya mbao. Anayekusomea karatasi bila kukuambia hilo anakusomea nusu ya karatasi.

Je, kuvu haiwezi kula plastiki yenyewe? Hili naulizwa kila mahali, hasa tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 na kila mtu akawa mtaalamu wa plastiki. Ile nyundo niliyowaambia ndiyo iliyowatia watafiti tamaa. Kama inavunja lignini, kwa nini isivunje plastiki? Mwaka 2011 wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, na walimu wao walitangaza kuvu ya Pestalotiopsis kutoka misitu ya Ecuador, inayoweza kula poliyurethani. Sikilizeni vizuri: poliyurethani, ile ya sponji za magodoro. Si polithini ya ndoo na mifuko, ambayo ndiyo imo kwenye bodi nyingi. Polithini ni mnyororo mrefu wa kaboni juu ya kaboni, hauna mahali pa kushikia meno. Mwaka 2024 ilitangazwa kuvu ya baharini, Parengyodontium album, inayovunja polithini, lakini kwanza jua liwe limeishaipiga; na kwa siku inavunja kama asilimia 0.05 tu. Kuvu hiyo haitakusafishia dampo wiki ijayo. Kwenye baraza lako itakula mbao, plastiki itabaki imesimama na vitundu kama sponji. Na sponji kazi yake ni nini? Kushika maji. Kwa hiyo mvua inayofuata bodi inalowa zaidi kuliko mvua iliyopita.

Basi mafundi, tufanyeje? Sitawachosha. Viwanda vingine huongeza zinki borati, dawa ya kuzuia kuvu, kwenye mchanganyiko, kiasi cha asilimia 1 hadi 3. Ulizeni kama imo. Unga wa mbao uliosagwa laini, usiozidi nusu, ni bora kuliko ule wa chenga uliojaa. Bodi isiguse udongo. Acheni nafasi kati ya bodi na bodi, na mwambieni mwenye nyumba kwa mdomo, mbele ya mke wake, kwamba nafasi hizo ni za kufagiliwa. Chini ya baraza pawe na hewa. Pawe na mteremko, hata kidogo. Ncha mlizokata kwa msumeno zisitazame juu wala zisikae ndani ya maji. Na mihimili iliyobeba bodi ni ya nini? Paina mbichi! Nimeikuta mara ngapi sijui: juu bodi za bei mbaya, chini fisha bodi zangu za Kibosho.

Kuna mkono umeinuliwa kule mlangoni. Sema kijana. (Kijana: "Mwalimu, mteja akizitaka nikatae kazi?") Usikatae. Una watoto. Nenda dukani kwa wauzaji wawili, omba kila mmoja kipande kama kile nilichowapa. Nenda kwa muuza vito au duka la dawa, mtu mwenye mzani wa gramu, pima. Viloweke kwenye ndoo wiki mbili, vifute, pima tena. Kilichokunywa kidogo ndicho ukanunue. Mwoneshe mteja namba zote mbili, umwandikie kwenye risiti, na lile neno lingine usimwandikie.

Kipande changu kirudi sasa. Asante mama. Kiliondoka hapa na kona nne, naona kimerudi na tatu. Aliye na unga mapajani, asifute kwanza, nakuja na bahasha.